Wataliano wa besiboli si feki

Mhariri, salamu kutoka Malindi. Mimi ni shabiki wa besiboli, najua hapa tuko wachache mno na watu barazani wananicheka eti nashabikia mchezo wa rungu, lakini wacha niseme langu.

Hapa kwetu Wataliano wamejaa, sasa kuna mzee mmoja wao tunakunywanga kahawa pamoja, ananiambia ile timu ya Italia ya kombe la dunia la besiboli 2023 hakuitambua, wengi wamezaliwa Marekani, damu ya Italia ni ya babu. Mimi nikamwambia mzee wangu, hao walifika robo fainali wakafungwa na Japani 9-3, na kwenye benchi waliweka mashine ya espresso, Mtaliano gani tena unataka?

Halafu hata Japani yenyewe ilikuwa na Lars Nootbaar, kijana wa California, mamake Mjapani, na mashabiki wakampenda vibaya sana. Sheria inaruhusu, kelele za nini? Kwani hapa Pwani nani asiyekuwa na nyanya wa ng'ambo, wengine Yemen, wengine Oman, na tukiimba wimbo wa taifa hakuna anayetuuliza.

Fainali niliiangalia kwa simu mpaka asubuhi, bando ikaisha mara mbili, Ohtani, mrushaji wa Japani, akimtoa Trout, mpigaji wa Marekani, mwenzake wakati huo kwenye klabu ya Angels, Japani 3 Marekani 2, nikapiga ukelele jirani akaamka. Na nyinyi gazeti siku ile mliandika mpira wa miguu tu, hata mstari mmoja jamani?

Shabiki, Malindi