Mama, redio ya baba irudi mezani

Eindhoven, Uholanzi

Mama, shikamoo. Na wewe Neema unayemsomea bibi, hujambo? Wote wa Chang'ombe hapo Dodoma na mlioko shambani Mpunguzi, mbukwenyi.

Ujumbe wa Mazengo, baba yake Neema, wa laki nne za nguzo na nyaya za zabibu nimeupata. Wa kukumbusha pia nimeupata, na wa kukumbushia ule wa kukumbusha. Nitajibu. Kwanza pokeeni habari njema, maana najua huko mnasema huku ni kubeba boksi tu. Boksi nabeba, tuyaache hayo.

Kuna wazee wa hapa, wastaafu, ugonjwa wao ni vyombo vya muziki. Mji huu ndio wa Philips, waliotoa kaseti mwaka 1963, kwa hiyo usiwashangae. Mtu ananunua waya wa spika kwa bei ya mbuzi wawili, halafu wanabishana hadi usiku kama sauti imebadilika. Mimi wananiita kwa sababu naweza kufungua deki na kuirudisha ikaimba. Nani alisema ufundi wangu ni kupoteza muda?

Wakikutana, mwenyeji anapika, na baridi ikianza ni sukuma wiki. Yao ina majani magumu yaliyojikunja, na wengi hungoja ipigwe na baridi ya kugandisha ndipo wachume, kwani wanga wake hugeuka sukari. Hapo sina ugomvi, ni tamu kweli. Lakini Mama, wanaichemsha na viazi, wanaponda vyote, wanalaza soseji juu, kama wanampikia mgonjwa asiye na meno!

Zamu yangu ilipofika nilitoa uti, nikakata nyembamba kama wale mama wa Sabasaba, kitunguu, nyanya, mwishoni karanga za kusaga kwa moto mdogo. Ugali mgumu. Walikula kwa mikono, sufuria likabaki jeupe.

Ndipo nikatoa ile kaseti niliyoondoka nayo, Babu Chilongani akipiga ilimba uani, ile marimba yetu Wagogo ya kupigwa kwa vidole gumba. Ilimba ilipoanza kuvuma ule mvumo wake, wazee wakaruka. Huyu yuko nyuma ya spika, huyu anachomoa nyaya, mwingine anafuta kichwa cha deki kwa spiriti. Wanasema spika imepasuka. Nikawaacha wahangaike kidogo, kisha nikasema kaeni, huo ni utando wa buibui. Babu alitoboa sanduku, akaziba tundu kwa utando, makusudi, ili ilie hivyo. Wakairudisha mwanzo, safari hii hakuna aliyeinuka. Na nyuma ya ilimba ni wewe, Mama, unafukuza mbuzi kwenye uwele. Kwa vyombo vile nilisikia hadi kandambili zako. Nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa Neema, hata kama ni baba yako, hapa usiruke. Nimesikia redio kaseti ya marehemu iko kilabuni Majengo, imewekwa rehani kwa deni la pombe, na sanduku la kaseti limeifuata. Mazengo anasema ilikuwa imekufa. Imekufa nini? Mkanda wa mpira umelegea, basi. Huku unauzwa, nimeshaununua. Sauti ya baba haiwekwi rehani, na Mazengo ana mbuzi wake mwenyewe.

Laki nne ninazo, Mama. Zitaingia kwenye simu yako, siyo yake, siku Neema atakaponitumia picha ya redio ikiwa mezani, kaseti zote pembeni, na kalenda ya ukutani ionekane. Na asinitumie wazee wa ukoo kunibembeleza.

Chiku akija Desemba mpe mlenda mkavu, ila asiufungashe na viatu tena. Nimeshawaahidi wazee. Nataka nimwone mwenye waya wa mbuzi wawili akivutana nao kwenye tonge.

Mwanao,
Lameck