Uhura alistahili zaidi ya kiti chake cha zamani

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie makala mliyochapisha Jumamosi kuhusu filamu ya kwanza ya Star Trek, hadithi ya safari za angani, ya mwaka 1979, ambayo mchambuzi wenu aliilaumu kwa mwendo wa kinyonga. Mimi mwendo ule haunisumbui. Robert Wise, aliyeiongoza, alijua kwamba watazamaji walikuwa wamesubiri miaka 10 tangu tamthilia ya televisheni ikatizwe, na ndiyo maana akamwacha nahodha Kirk aizunguke Enterprise, chombo chake cha angani, taratibu ingali chelezoni, bila kusema neno la maana.

Kasoro yake iko kwingine. Wahusika wakuu wa tamthilia wamerudi wote saba, lakini hadithi ni ya watatu: Kirk, daktari McCoy na Spock, afisa wa sayansi. McCoy anafika na ndevu na manung'uniko yake, Spock anaingia kwa ubaridi unaowaduwaza wenzake. Uhura, afisa mawasiliano, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, tunamkuta kwenye mitambo ileile ya mawasiliano. Pana tukio moja tu linalomfaa, pale baharia mmoja anapomsikitikia Decker, nahodha aliyempisha Kirk, kwa kunyang'anywa unahodha, naye Uhura akamkata kauli kwamba kwa kurudi kwa Kirk huenda matumaini ya kufika nyumbani salama yameongezeka maradufu. Baada ya hapo ni kupokea na kutuma ujumbe.

Wakati huo Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alikuwa ameshatoka kuifanyia NASA, shirika la anga la Marekani, kampeni ya mwaka 1977 ya kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Kati ya wanaanga 35 waliotangazwa Januari 1978, wanawake walikuwa sita na Wamarekani weusi watatu, akiwemo Guion Bluford, ambaye mwaka 1983 alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani. Mae Jemison, aliyeruka mwaka 1992, amesema hadharani kwamba Uhura alimvutia tangu utotoni. Kwa hiyo mwigizaji alikuwa amekwenda mbali kuliko mhusika aliyeandikiwa.

Na ajabu ni kwamba filamu yenyewe inahusu mawasiliano: kile kitisho kikubwa ambacho Enterprise inatumwa kukikabili kinagundulika kuwa ni chombo cha utafiti kilichopotea, Voyager 6, kinachomtafuta muumba wake ili kimkabidhi kilichojifunza. Wanatoka watu kwenda kuzungumza nacho ana kwa ana, na afisa mawasiliano hayumo.

Msomaji wenu,
Tanga