Mhariri, sio kila tundu kwenye pafu ni TB

Mhariri, kila mkiandika habari za kikohozi cha muda mrefu mnaishia kwenye TB, sawa, TB ipo na inaua, ila kuna ugonjwa unafanana nayo sana na sijawahi kuona mkiutaja, jipu la mapafu. Mtu anakohoa wiki nenda wiki rudi, homa, jasho la usiku, anakonda, akipigwa eksirei linaonekana tundu, basi watu wanahukumu hapohapo. Kumbe wakati mwingine chanzo ni bakteria wa mdomoni, hawahawa tunaoishi nao wote kwenye fizi bila shida yoyote.

Shida inakuja wakiteremka. Mtu akilewa chakari, akianguka kifafa, akipata kiharusi au akiwa kwenye nusukaputi, kile kikohozi cha kupaliwa kinachotulinda kinakuwa kimelala, mate yanaingia mapafuni na mwenyewe hana habari. Mara nyingi linaumia pafu la kulia maana mrija wake wa hewa ni mpana na umenyooka zaidi. Na kama fizi ni mbovu ndo balaa, bakteria wanaoshuka ni wengi mno, inaanza kama nimonia ya kawaida halafu baada ya wiki moja mbili nyama ya pafu inakufa na kuacha shimo la usaha. Ndo maana mtu asiye na meno kabisa akipata jipu hili madaktari wanashtuka, wanaanza kutafuta kama kuna kansa imeziba mrija.

Makohozi yake mara nyingi yananuka, yananuka haswa, mpaka anayemuuguza anaziba pua. Sio kila mgonjwa, lakini harufu hiyo kwenye TB si kawaida, na mtu akiisikia amwambie daktari, asione aibu.

Msinielewe vibaya, TB ipimwe kwanza. Ila vipimo vikitoka safi mtu aulizwe kuhusu meno, pombe na kifafa, asirudishwe nyumbani na dawa ya kikohozi. Hili jipu linatibika, wengi wanapona kwa antibayotiki bila upasuaji, tatizo dozi ni wiki 3 mpaka 6 au zaidi na watu homa ikishuka tu wanaacha.

Naomba ukurasa wenu wa afya mumhoji daktari wa meno na wa mapafu pamoja, siku moja.

Msomaji wenu