Kiwiko Kikavu: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Unguja

Wete, Pemba
Aprili

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Masika yameshika kweli kweli. Mvua ya jana ilianza kabla ya alfajiri na hadi adhuhuri ilikuwa bado inapiga mabati, na mdogo wako alikwenda skuli viatu kavishika mkononi. Barua hii anakuletea mjomba wako, anayeondoka kesho na boti ya Mkoani. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu kwenye simu wewe huniuliza, mimi hukujibu, kisha ukaniuliza tena lile lile, na ninalotaka kukueleza leo ni hayo hayo majibu yangu.

Wiki iliyopita ulinipigia mara nne kwa usiku mmoja. Ulinieleza kwamba mwalimu wa Kiingereza huwasimamisha mmoja mmoja msome mbele ya darasa, kwamba zamu yako ilipofika sauti ilikwama kwenye mstari wa pili, na kwamba kuna waliocheka. Tangu siku hiyo, kila kunapokuwa na kipindi hicho unaamka tumbo linakukata na mikono imekuwa baridi. Kila uliponipigia swali lilikuwa moja: "Mama, hawatanicheka tena?" Na mimi mara zote nne nilikwambia hawatakucheka, kana kwamba nimewauliza.

Sikulaumu hata kidogo. Mtoto anayetoka darasa la sita, alikozoea Kiingereza katika hisabati na sayansi tu, akiingia kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yamegeuka lugha, hata historia na jiografia ambazo mwaka jana alikuwa akizieleza kwa Kiswahili bila ya kusita. Tena wewe umebadilisha skuli, nyumba na kisiwa kwa mwezi mmoja. Mtu mzima angeyumba.

Ninayemlaumu ni mimi. Unakumbuka mwaka jana, ulipokaribia mtihani wa darasa la sita, ulivyokuwa ukiamka na tumbo? Nilikuwa nikikugusa paji la uso, sikuti homa, na bado nikikwambia, "Basi leo pumzika." Ikifika saa nne tumbo limeshapoa, na wewe uko barazani unacheza mdako. Nikidhani mapumziko ndiyo yaliyokuponya, kumbe lililokuponya ni kujua kwamba leo huendi. Kila siku niliyokubakisha nyumbani, siku iliyofuata ilikuwa nzito zaidi, na mimi sikuliona hilo kwa sababu huruma ilinipofua.

Nimelifahamu mwezi huu, katika kikao cha wazazi kwenye skuli ya mdogo wako. Kikao chenyewe kilikuwa cha mambo ya kawaida, mitihani ya muhula, michango, paa linalovuja, na nilikuwa nimeshaanza kusinzia aliposimama mwalimu anayeshughulikia ushauri nasaha akazungumza juu ya wasiwasi kwa watoto wa umri wenu. Nilitarajia tungeambiwa tuwanyang'anye simu, tukaondoka. Hakusema hivyo. Alieleza kwamba mtu anapohisi hatari, ubongo huuamrisha mwili utoe homoni iitwayo adrenalini, moyo ukaenda mbio, pumzi zikawa fupi, na damu ikapunguzwa tumboni ikapelekwa kwenye misuli ili mtu aweze kukimbia au kupigana. Mwili hautofautishi sana baina ya nyoka njiani na ukurasa wa kusoma mbele ya watu arubaini. Kwa hivyo tumbo lako si uongo, mwanangu, na wala si ugonjwa wa tumbo. Akaongeza jambo ambalo sikulijua: hali hiyo hupanda kama maji yanavyojaa, ikafika kileleni, kisha ikashuka yenyewe, ilimradi mtu asikimbie kabla haijashuka. Anayekimbia kila mara huufundisha ubongo wake kwamba ameokoka kwa sababu amekimbia.

Pale nikamkumbuka ami yake babu yako. Wewe hukumdiriki. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa nyuma ya msikiti, na kutoka dirisha la jikoni hodhi ya udhu ilionekana yote. Ami alikuwa na wasiwasi wa udhu. Alikuwa akiosha mkono wa kushoto, akiuinua kwenye mwanga, akiutazama kiwiko, akiurudisha majini. Akimaliza miguu anashuku kiwiko, anaanza upya. Nilimhesabu siku moja nikiwa na umri kama wako: alikiosha kiwiko mara kumi na moja, na alipoinuka hodhini watu walikuwa wanatoa salamu. Alikuwa na kawaida ya kumuuliza aliye karibu naye, "Kimerowa?" Wakimjibu kimerowa, anatulia kwa muda wa kufunga kanzu, kisha anamuuliza mwengine.

Shekhe mmoja ndiye aliyemsaidia, na hakumsaidia kwa kumhakikishia. Alimwambia aoshe mara tatu kama ilivyo sunna, atoke, na akihisi kikavu asali hivyo hivyo, kwani yakini haiondoshwi na shaka. Na akatukataza sote kumjibu anapouliza. Sisi tuliona ni ukatili. Ami alitusimulia baadaye kwamba siku ya mwanzo alisali huku kiwiko akikihisi kikavu kama jivu mpaka kwenye tahiyatu, akitetemeka, akiwa na hakika kwamba sala yake haimo. Siku ya pili ikawa vile vile. Hakusema ni lini kiliacha kumsumbua. Alisema tu kwamba siku moja alijikuta yuko kwenye rakaa ya tatu hajakikumbuka.

Sasa fahamu kwamba kila ninapokujibu "hawatakucheka", mimi ni yule mtu wa hodhini anayesema kimerowa. Jibu langu linakutuliza mpaka umalize kuweka simu chini. Kwa hivyo nimekata shauri, na nakueleza mapema usije ukadhani nimekukasirikia: ukiniuliza swali hilo nitakujibu mara moja tu, na jibu litakuwa la kweli, kwamba huenda mmoja akacheka na huenda asicheke. Ukiuliza tena nitakwambia, "Hilo tumeshalizungumza," kisha nitakuuliza mengine. Kwangu mimi halitakuwa jepesi. Nimeshalifanyia mazoezi mbele ya bibi yako, naye akaniambia sauti yangu bado inatetemeka.

Shangazi yako nimezungumza naye. Hatakubakisha nyumbani kwa tumbo lisilo na homa wala kuendesha, lakini hatakusukuma pia uende ukasome mbele ya darasa zima kesho. Tutapanda ngazi moja moja. Wiki hii utamsomea yeye kwa sauti, ukurasa mmoja kila baada ya magharibi, akiwa anakuna nazi, kwa hiyo usitarajie akutazame. Ukizoea, utamsomea yule rafiki yako mnayekwenda naye chuo cha Kurani. Baadaye utamwomba mwalimu umsomee peke yake wakati wa mapumziko, na nadhani atakubali, maana mwalimu humpenda mwanafunzi anayetaka kujaribu. Darasani utaanza na mistari mitatu. Usiipande ngazi nyengine mpaka ile uliyoko ikuchoshe kwa uzoefu, na ukirudi nyuma siku moja usihesabu kuwa umeanguka.

Unapokuwa umekaa ukingoja zamu, vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, uitoe polepole ukihesabu sita. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakouambia moyo upunguze mwendo. Usilifanye ili hofu iondoke palepale, kwa sababu utaanza kuichungulia kama imeondoka, na hapo umerudi hodhini. Lifanye ili upate kukaa nayo.

Na ulale. Mtoto wa miaka kumi na tatu anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, nawe uliniambia mwenyewe kwamba saa sita za usiku unakuwa macho ukiurudia ule ukurasa kichwani. Daftari liwekwe pembeni baada ya isha. Kama mawazo yanakujia kitandani, yaandike asubuhi baada ya chai, dakika kumi, yamalizike.

Kuna jambo moja ambalo silo la ngazi wala la pumzi. Ikiwa chakula kitakushinda kwa wiki mbili, au usingizi utakukataa kabisa, au utahisi kwamba heri usingekuwepo, au pana mtu skulini au njiani anakufanyia jambo linalokutisha, usingoje barua. Mwambie shangazi saa ile ile, hata kama amelala. Pia ipo namba 116 ya kuwasikiliza watoto, na wapo madaktari wa mambo haya, na kwenda kwao si aibu ya mtu. Nakuandikia hili nikiwa sina shaka nalo hata chembe, na kwa hili uniulize mara elfu, nitakujibu mara elfu.

Mjomba wako amebeba pia halua, mkate wa kumimina alioupika bibi yako (akisema umechomeka upande mmoja, mwambie hukuuona), na sare ya pili niliyoipunguza mikono. Mbuzi wetu kazaa pacha, mmoja mweusi mtupu. Mdogo wako anakataa kumpa jina mpaka uje likizo.

Ijumaa ukinipigia, kuwa na kile kitabu cha Kiingereza mkononi unisomee ukurasa ule ule uliokwama. Mimi sitaufahamu, unajua Kiingereza changu kiliishia wapi, na bibi yako atakuwa pembeni anauliza ni nani huyo anayesema. Utusomee tu, tutakuwa tunasikiliza.

Wasalaam,
Mama yako