Barua ya wazi kwa akina baba ambao binti zao wamewanyamazia

Kwenu akina baba wa Umoja, Kayole, Donholm, Komarock, na nyinyi wa Rongai mnaorauka saa kumi kukimbizana na matatu, nyinyi mlioachana na mama ya watoto na sasa binti yako mkubwa hataki kukuongelesha. Nawaandikia kama mzee wenu. Nimesikiza mambo ya manyumba huku Eastlands tangu Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulindana, uanze 2013, na kabla ya hapo kama mzee wa kanisa, na siku hizi kitu inaniletea watu sana si fensi wala deni, ni mwanaume mzima anakaa chini, anatoa simu, ananionyesha meseji alizomtumia mtoto wake, zote ziko na tiki mbili za buluu na hakuna jibu hata moja.

Sasa mimi hizo meseji huwa nazisoma. Nazisoma zote, pole pole, kutoka juu. Iko moja sijaisahau, ilikuwa imetumwa saa tano usiku, inasema mimi ndiye nilikulipia karo tangu nasari, mimi ndiye nilikununulia hiyo simu unatumia kunidharau, siku moja utajua baba yako alikuwa nani. Kijana wangu, hebu isome kama wewe ndiye msichana wa miaka 15, umelala kwa dabo deka na mdogo wako, mama yuko upande ule mwingine wa pazia, na taa ya simu imewaka. Utajibu nini? Hakuna swali hapo ndani, hakuna salamu, hakuna hata jina lake. Ni invoisi. Na mtoto hana kitu cha kulipa, kwa hivyo anafanya vile kila mtu asiye na pesa hufanya akipigiwa na mdai, anaweka simu chini.

Hiyo ndiyo nataka mshike kwa hii barua hata kama mtaruka mengine yote: huyo msichana amechoka kudaiwa. Anadaiwa shukrani, anadaiwa mapenzi, anadaiwa aseme nani alikosea kati yako na mama yake. Wewe kazi yako si kudai jibu, kazi yako ni kubaki mahali anaweza kukupata siku akitaka, na hiyo siku huipangi wewe.

Najua mtaniambia ni mama yake anamjaza maneno. Wengine wenu mnasema ukweli, nimeona akina mama wakifanya hivyo na nimewaambia usoni ni makosa. Lakini sikia, hata kama ni ukweli, ukimpigia mtoto kumsahihisha mama yake umemweka katikati tena. Kuna msichana mmoja tulikaa naye kwa ofisi ya chifu, mpole, anakunja kunja mkono wa sweta ya shule, tukamuuliza mbona hutaki simu za baba. Akasema, "Akinipigia ananiuliza mum ako na nani." Basi. Baba yake alikuwa hapo hapo karibu na mlango, na alikuwa amekuja na faili nzima ya risiti kuonyesha vile yeye ni baba mzuri. Risiti zilikuwa za kweli. Hakuna mtu alizikataa. Ila mtoto hakuwa analalamika juu ya pesa, alikuwa anasema amegeuzwa mpelelezi wa nyumba ya mama yake.

Na kuna kitu kingine wengi hamtaki kusikia, kwamba sehemu ya hiyo kimya ni umri tu. Uliza yule jirani yako anaishi na bibi yake na watoto wote nyumba moja, binti yake wa miaka 14 hufunga mlango, anajibu "sawa" na "sijui", anavaa earphones masikioni hata kwa meza. Tofauti ni huyo jirani anamwona asubuhi akitafuta soksi, kwa hivyo hashtuki. Wewe unamwona tu kwa statasi ya WhatsApp, akikublok unaona dunia imeisha. Haijaisha.

Kwa mambo ya sheria nitapita haraka, manake naona wengi mnakimbilia huko kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wako na jukumu sawa kwa mtoto, wawe walioana ama hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 inarudia hiyo maneno, pia inasema maoni ya mtoto yasikizwe kulingana na umri wake na vile amekomaa. Kwa hivyo kama mtoto ni wa miaka 5 na umenyimwa kumwona bila sababu, enda Korti ya Watoto Milimani, omba siku zako, ni haki yako na yake. Lakini huyu wa miaka 15 ama 16, hakimu atamuuliza yeye. Na hata upate oda, oda inaweza kumfikisha hapo geti Jumamosi saa nne, haiwezi kumfungua mdomo. Nimeona baba amekaa na binti kwa hoteli kwa oda ya korti, chips zinapoa, msichana anaangalia dirishani mpaka saa ziishe. Bora uanze na afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, ama muombe mpelekwe kwa mpatanishi, juu tangu 2016 korti za Milimani zimekuwa zikituma kesi za familia huko, na hapo angalau hakuna mtu anasimama kizimbani.

Ila kama una sababu ya kushuku mtoto anapigwa ama kuna mtu anamsumbua huko anaishi, hapo usiniambie habari ya subira. Piga 116, ile simu ya kusaidia watoto, ni bure, ama uende kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo.

Tuje kwa pesa. Kuna mchezo naona umeingia, mtu anasema nitalipa karo akianza kushika simu zangu. Wanangu, msifanye hivyo, tafadhali. Huyo mtoto akirudishwa nyumbani sababu ya karo, akiwa amebeba sanduku lake mbele ya darasa zima, hiyo picha hataisahau akiwa na watoto wake, na hakuna maelezo utampa itatosha. Lipa. Kama huamini mama yake na pesa, lipa moja kwa moja kwa akaunti ya shule, weka risiti, na usizitume kwa mtoto. Kama hauna, sema hauna, mwambie mama yake na shule mapema, wala si aibu, Nairobi ya sasa kila mtu anajua. Lakini pia usidhani ukilipa umemaliza. Ile meseji ya M-Pesa inaonyesha jina lako na kiasi, haiulizi mtoto amelala aje.

Sasa unaandika nini? Andika kidogo, na uandike mara kwa mara, siku moja ya wiki uchague ukae nayo. Andika kitu umeona wewe mwenyewe. Kijana mmoja wa Donholm nilimwambia afute ile insha alikuwa ameandaa, akabaki na hii: "Mvua imeingia mpaka kwa duka leo, nimetoa maji na ile beseni yako ya kijani. Natumaini hisabati inaendelea poa. Si lazima ujibu." Ni hivyo tu, na wiki iliyofuata akatuma ingine. Hakuna kulaumu, hakuna "nimekumiss lakini wewe hujali," hakuna mistari ya Biblia ya kuheshimu baba na mama, hiyo amri anaijua na wewe kumtumia ni kumchapa na Bible. Msichana alikaa kimya muda mrefu. Halafu siku moja akauliza kama hiyo beseni bado iko. Sisemi wako atajibu hivyo, wengine hawajajibu mpaka leo, lakini baba zao bado wanaandika na mimi nawaheshimu sana kwa hiyo.

Akikublok, usitumie nambari ya rafiki yake, usifungue akaunti ingine ya jina la uwongo kumfuata, na usitokee shuleni ghafla umesimama getini. Binti wa umri huo aibu mbele ya wenzake ni kitu kubwa kuliko njaa. Kama ni bodingi, hakikisha jina lako na nambari yako ziko kwa fomu ya mzazi pale ofisini, ongea na mwalimu wa darasa kwa upole, uliza anaendeleaje. Siku ya kutembelea muulize yeye kwanza kupitia mama yake ama mwalimu kama angependa uje, na akisema hapana, tuma kuku na chapati na mtu anayempenda, usikanyage.

Huyo mtu anayempenda mara nyingi ni shosho, nyanya yake. Kwetu Wagikuyu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya baba, kwa hivyo wengi wenu huyo binti amekunyamazia amebeba jina la mama yako mzazi. Wanaume mnasahau hiyo. Mkikosana na bibi mnakata na njia ya ushago pia, mnaambia mtoto kama hutaki mimi usiende kwa mama yangu. Fungueni hiyo njia. Aende Desemba akapike na shosho, akae huko, na wewe usitokee huko ghafla kumvizia. Na shosho mwambieni asimhubirie. Amlishe tu, amuulize habari za shule, amwache aoshe miguu alale.

Sasa hapa nitasema kwa ukali kidogo manake imenikera. Kuna baba ameniambia, mzee, mimi nimeacha, atanitafuta siku ya ruracio, ile ya kuleta mahari, juu hakuna mtu atamtoa bila mimi. Nikamuuliza, kwa hivyo unangojea kulipwa? Mwanaume anakaa miaka kumi bila kujua mtoto anaogopa nini, halafu anangojea kukaa kiti cha mbele siku wageni wanaleta mbuzi, akitishia asipoitwa atakataa. Nimeona hiyo siku. Nimeona bibi harusi mtarajiwa analia kwa chumba cha nyuma, si kwa furaha, ni kwa sababu baba alikuja na masharti. Ukitaka kukaa hicho kiti siku hiyo, anza saa hii akiwa gredi ya tisa na chunusi usoni.

Wale mmeoa tena, msimlazimishe kumuita huyo mama mpya "mum". Na picha za watoto wadogo wa nyumba mpya, mkiwa kwa swiming, punguzeni kuweka kwa statasi kila wikendi. Ataziona hata kama amekublok, ataonyeshwa na binamu.

Na wewe mwenyewe je? Nimezika wanaume walioanza na hii uchungu wakamalizia kwa chang'aa, sitaki kuzika wewe. Usiku ndio mbaya, najua, hasa Jumapili jioni ukitoka kanisani umeona wengine na mabinti zao. Hiyo uchungu ni ya haki, umempoteza mtu akiwa hai, na hakuna matanga ya hiyo, hakuna mtu anakuletea sukari na majani chai. Lakini usimpelekee mtoto hiyo uchungu ndiyo aibebe. Ilete kwangu, peleka kwa ndugu yako, kwa kasisi, kwa mshauri. Na ukianza kufikiria heri usingekuwa hai, ambia mtu leo na uende hospitali, hata pale Mathari Thika Road, hospitali ya akili, si ya watu wa kuokota makaratasi kama vile mnasemaga, wanaume wa kazi na suti wako kwa hiyo laini.

Halafu siku akijibu. Wengi mnaharibu hapo. Ameandika "Hi dad" saa mbili usiku na wewe unampigia simu mara tatu mfululizo, ama unaandika kurasa mbili, ama unauliza mbona umekaa kimya hivyo yote. Tulia. Jibu urefu ule ule yeye ameandika. Akiuliza beseni, ongea beseni. Akitaka mkutane, mwache achague mahali, na kama anakuja na rafiki yake, nunulia huyo rafiki soda pia. Mkikutana hapo bustani ya Jeevanjee ama kwa kahawa mtaani, usitaje mama yake isipokuwa yeye ndiye ameanza. Na akianza, akikuambia kitu ulifanya ambacho kilimuumiza, usijitetee, hata kama anakumbuka vibaya, manake yeye ndiye alikuwa mdogo hapo. Sema pole, nimekusikia. Maelezo yako yatapata siku yake akiwa mkubwa na akiyauliza mwenyewe.

Wenye kesi korti na hamwelewi karatasi, Jumamosi hii baada ya saa nane niko nyumbani, njooni na faili. Na wale hamna kesi, mna simu tu iliyo na tiki za buluu, njooni nayo pia, tukae tusome, tufute zenye kulaumu kabla zitumwe.

Ni mimi mzee wenu,
Umoja, Nairobi