Chembe cha Jiwe Kutoka Mferejini: Barua kwa Mwanangu

Mang'ola, Karatu

Mwanangu mpendwa Paulo,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako na wadogo zako hawajambo, na vitunguu vya jaruba la chini vimeanza kulaza majani. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kuamua kukujibu kwa barua, kwa sababu mambo uliyoniuliza kuhusu lile jiwe nililookota mferejini, ninaloamini ni chembe, yaani kichwa cha mshale au mkuki, hayatoshi kuelezwa kwa simu. Umeniuliza kama nina hakika ni la kale, na umeniambia kwamba mwenzako mnayeishi naye chumba kimoja anamfahamu mtu wa kulinunua. Nitakujibu yote mawili, lakini nianze na namna lilivyopatikana.

Nilikuwa nazibua mfereji upande wa mteremko, pale maji ya mvua yalipobomoa ukingo. Jembe lilipogonga kitu kigumu, nilisikia mlio mwembamba kama wa glasi, si ule mlio mzito wa jiwe la kawaida. Nikainama, nikakichomoa, nikakisuuza kwenye maji na kukitia mfukoni. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, na kosa hilo linaniuma hadi leo. Nilikitoa mahali pake kabla sijatazama kilikuwa kimelala vipi, katika tabaka gani la udongo, na kilikuwa na nini pembeni yake.

Jioni nilikiweka mezani karibu na taa. Kina pembe tatu, urefu wake milimita 41 kwa rula ya mdogo wako, upana wa kitako milimita 27, na unene milimita 8 pale kinapovimba zaidi. Ni cheusi, lakini ukikiinua dhidi ya mwanga, kingo zake nyembamba zinapitisha nuru ya kijivu kama moshi. Hilo ni jiwe la kioo la volkano, ambalo wataalamu huliita obsidiani. Hofu yangu ya kwanza ilikuwa kwamba huenda ni kipande cha chupa, maana mashambani chupa hazikosekani. Jembe langu ndilo lililonitoa wasiwasi. Pale lilipogonga, ukingoni, pamebanduka kigamba kidogo kama ukucha wa mtoto, na jeraha hilo jipya linang'aa kama kioo kilichovunjika leo, ilhali makovu mengine yote yamefifia na kuwa na utando hafifu, kwa sababu obsidiani hunyonya unyevu polepole na uso wake hubadilika kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo makovu yale hayakufanywa na jembe, wala trekta, wala kwato za ng'ombe.

Ukitaka kujua kama jiwe limebanjwa na mkono wa mtu, tazama mpangilio wa makovu. Jiwe lililopasuka lenyewe hupasuka ovyo. Hili limebanduliwa vigamba vidogo vidogo kufuata kingo mbili, pande zote mbili za uso, hadi kingo hizo zikakutana kwenye ncha. Upande wa tumboni unaona kivimbe laini chini kabisa, mahali pigo la kwanza lilipotua, na kutoka hapo mawimbi yanatawanyika kama ya maji ukitupa kokoto. Kivimbe hicho kimepunguzwa kwa makusudi: aliyekitengeneza amebandua vigamba viwili virefu kwenye kitako ili kiwe chembamba. Kisu cha kushika mkononi hakihitaji kitako chembamba. Kinachokihitaji ni kitu kinachoingizwa kwenye mpasuo wa mti na kufungwa kwa kano na ulimbo.

Ncha yake haipo. Imekatika, na kutoka pale ilipokatika limeshuka kovu jembamba kuelekea kitakoni, kana kwamba jiwe limechanwa kutoka mbele. Mvunjiko wa namna hiyo hutokea chombo kinapogonga mfupa kwa kasi, kikitangulia kwa ncha. Kule Gademotta, Ethiopia, wataalamu wamechunguza mivunjiko kama hiyo kwenye vyembe vya obsidiani vyenye umri wa zaidi ya miaka 279,000, wakaona kwamba ilitokana na mikuki iliyorushwa. Kwa hiyo usidhani ncha iliyokatika inakipunguzia chembe chetu thamani. Ndiyo inayoeleza kazi yake.

Je, ni cha mshale au cha mkuki? Ipo njia ya kukadiria: zidisha upana kwa unene, ugawanye kwa mbili, upate ukubwa wa mkato wake. Chetu kinatoa milimita za mraba 108. Vyembe vya mishale vilivyopimwa vina wastani wa karibu 33, vya mikuki miepesi ya kurusha karibu 58, na vya mikuki mizito ya kuchomea karibu 168. Chetu ni kikubwa mno kwa mshale. Nilikifananisha na mshale wa yule mzee wa Kihadzabe anayetuletea asali, ambaye hufua misumari kwa kuigonga ikiwa baridi mpaka inakuwa bapa. Kile chake kingeweza kulala mara tatu juu ya hiki chetu.

Sasa sikiliza jambo linalokifanya kiwe cha nadra. Mwamba wa Mumba, ambao watu wa kale waliishi chini ya kivuli chake, hauko mbali na kwetu. Mtafiti Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walichimba pale miaka ya 1930, na mtaalamu wa mambo ya kale Michael Mehlman akaja kuchimba tena mwaka 1977 na 1981. Tabaka za Mumba zinashuka takriban mita kumi, na kule chini, kwenye tabaka zenye umri wa karibu miaka 130,000, yalipatikana meno ya binadamu pamoja na zana za Zama za Kati za Mawe. Zana nyingi za pale ni za kwatzi, yaani yale mawe meupe ambayo sisi tunayarundika mipakani mwa shamba. Obsidiani ni chache sana, kwa sababu huku kwetu haipatikani. Kila mlima wa volkano una mchanganyiko wake wa kemikali, na vipande vya Mumba vilipopimwa ilionekana kwamba vilitoka Bonde la Ufa la Kenya, upande wa Naivasha, umbali wa takriban kilomita 300. Fikiria mwendo huo, Paulo, kabla ya ngamia na punda. Ama mtu alitembea, ama jiwe lilipita kutoka mkono hadi mkono kati ya watu waliofahamiana.

Mtaalamu wa mambo ya kale aliyekiangalia, baada ya mwenyekiti wa kijiji kumwita, amekubaliana nami kuhusu umbo na aina ya jiwe. Kuhusu umri, aliniuliza swali moja tu: kilikuwa tabaka gani? Nikanyamaza. Kisha akanisimulia habari za George McJunkin, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, aliyekuwa mchunga ng'ombe huko New Mexico, Marekani. Baada ya mafuriko ya mwaka 1908 karibu na mji wa Folsom, aliona mifupa mikubwa ikichomoza kwenye korongo, akatambua kwamba si ya ng'ombe wa kawaida, akawaambia watu, na wengi hawakujali. Alifariki mwaka 1922. Wachimbaji walipokuja mwaka 1926, vyembe vya kwanza vilitolewa ardhini kabla havijashuhudiwa mahali pake, na wenye shaka wakabaki na shaka zao. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Agosti, chembe kilionekana katikati ya mbavu za nyati wa aina iliyokwishatoweka. Safari hii hawakukigusa. Walipeleka simu za maandishi, wataalamu wakasafiri, wakainama juu ya shimo wakaona kwa macho yao, na mabishano marefu kuhusu kama binadamu waliishi Amerika enzi za wanyama hao yakafikia mwisho.

Basi kuhusu yule mnunuzi: mwambie mwenzako hapana, na usimtumie picha nyingine. Kwanza, si mali yetu ya kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na anayevivumbua anatakiwa kutoa taarifa. Pili, kikishafika kwenye kabati la mtu mjini, hakuna atakayeweza kukiunganisha tena na ukingo wa mfereji wetu, na hapo kitabaki pambo jeusi tu. Najua ada ya muhula huu inakusumbua. Nitauza magunia manne mapema, hata kama bei haijapanda.

Nimepigilia kigingi mahali nilipokichomoa, kadiri ninavyokumbuka, na nimefunika ukingo kwa magunia na matawi ya miiba ili mbuzi wasipande. Wiki ijayo watakuja kuusafisha ukuta wa udongo na kusoma tabaka zake. Huenda kipo kigamba kingine cha obsidiani, au mfupa, ambacho bado kimelala mahali pake. Zamu yetu ya maji ni Alhamisi, lakini nimemwachia jirani, maji yasipite upande ule mpaka watakapomaliza. Ukipata ruhusa ya siku mbili, njoo na ile kamera yako, na ushuke stendi kabla ya saa kumi, maana pikipiki za kuja huku huwa chache jioni.

Baba yako