Sanduku la nguo za kichanga lifunguliwe mapema

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na familia zinazotarajia mtoto, hasa bibi na mashangazi, maana ndio washika funguo za sanduku la nguo za kichanga. Sisi ni wakunga wa Tanga. Tunaona fedha nyingi zikienda kwenye poda, chupa na chuchu zake, na ile mito midogo ya kuviringisha kichwa, huku nguo zitakazomgusa mtoto siku ya kwanza zikitolewa sandukuni uchungu ukiwa umeshaanza.

Nguo za kurithi ni nzuri. Zimelainika, na pamba iliyofuliwa mara nyingi hunyonya maji vizuri kuliko mpya. Hatari ni vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyotiwa humo kuzuia nondo na mende. Nafthalini hugeuka mvuke taratibu na kujipenyeza kwenye kila uzi wa blanketi. Mtoto aliyefunikwa blanketi hilo huivuta kwa pumzi na kwa ngozi, na akiwa amepakwa mafuta huingia zaidi, kwa kuwa nafthalini huyeyuka kwenye mafuta. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinachozilinda chembe nyekundu za damu, chembe hizo huanza kupasuka. Upungufu huo ni wa kurithi, huwapata zaidi wavulana, na umeenea katika nchi zenye malaria, yetu ikiwamo. Damu ikivunjika hivyo umanjano wa ngozi na macho hupanda haraka, na ukizidi hadi kufika kwenye ubongo unaweza kumwachia mtoto uziwi au ulemavu wa viungo. Familia nyingi hazijui kama zina upungufu huo, kwa sababu mtu mzima anaweza kuishi nao miaka yote bila dalili.

Kwa hiyo sanduku lifunguliwe mimba ikiwa na miezi 7. Toa kila kitu, kagua mifuko na mikunjo usije ukaacha kidonge, anika juani penye upepo kwa siku kadhaa, kisha ufue kwa sabuni na maji ya moto, usuuze na uanike tena. Halafu nusa. Nguo inayonukia kidonge hata kidogo isimguse mtoto, hata kama ndiyo shali aliyofunikwa baba yake. Zilizo safi zitiwe kwenye foronya safi na kufungwa, bila kidonge na bila kufukizwa udi. Tunajua udi ni heshima ya nyumba zetu, lakini moshi wowote ni mzito kwa mapafu ya kichanga. Wanja nao usipakwe machoni wala kwenye nyusi: aina nyingine zina risasi, madini ambayo ni sumu kwa ubongo.

Nepi hazihitaji fedha nyingi. Kanga moja kuukuu, yenye urefu wa takriban mita 1 na nusu na upana wa mita 1 na kidogo, hutoa nepi 6. Kanga 4 hutoa 24, na hizo zinatosha kwa mtoto anayebadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, ikiwa jua lipo. Anayejifungua wakati wa masika aandae 36, kwa sababu nguo hukaa siku mbili kambani bila kukauka. Pinda kingo zote kwa cherehani au sindano. Uzi uliochomoka unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu ukakikaba mpaka kikavimba na kuwa cheusi, na mtoto analia usiku kucha bila mtu kujua kwa nini. Soksi nazo zigeuzwe ndani nje na kukaguliwa.

Kufua kuna mpangilio wake. Choo huondolewa kwanza kwa maji baridi, ndipo sabuni, kisha kusuuza mara 3, kwani sabuni iliyobaki huunguza ngozi. Anika juani, juu, kamwe si kwenye majani wala kivulini. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini; mabuu yake hupenya ngozi na kutoa kitu kama jipu. Pasi ya moto huyaua, lakini ipite pande zote mbili na kwenye mapindo, na nguo iwe imekauka kabisa. Nepi ifungwe chini ya kitovu, kisilowe mkojo.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi, bila majivu, mafuta wala mate. Waliopewa dawa ya klorheksidini watambue kuwa ni ya kitovu tu. Ikiingia machoni hujeruhi vibaya, kwa hiyo isiwekwe pamoja na dawa za macho.

Watu wa pwani husema mtoto wa joto hapati baridi. Anapata, kwa sababu anatoka akiwa amelowa, na maji yanapokauka mwilini huondoka na joto lake. Ndiyo maana juu kabisa ya mfuko wa hospitali tunataka vitambaa 2 vikavu: kimoja cha kumkausha, kinachowekwa kando mara moja, na kingine cha kumfunika akiwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Hapo hapo aanze kunyonya ndani ya saa 1, na dang'a, yale maziwa ya kwanza, isikamuliwe ikamwagwa. Kuoga kusubiri saa 24. Huko Lushoto milimani, wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, tunasihi sana jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mama na mtoto pamoja wakiwa usingizini. Mvishe mtoto nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe, umshike shingoni nyuma. Pakiwa na jasho, punguza.

Alale chali, bila mto, ndani ya chandarua chenye dawa. Chandarua kipya kitundikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika.

Mfuko uwe tayari wiki ya 36, pamoja na kadi ya kliniki, nauli iliyotengwa, na namba za madereva 2 wa bajaji waliokubali kuamshwa usiku. Mmoja hatoshi.

Mtoto akishafika nyumbani, mtazame kila asubuhi kwenye mwanga wa mlangoni. Bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, achia, uone rangi inayobaki. Umanjano ndani ya saa 24 za mwanzo, au uliofika viganjani na nyayoni, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mfanyakazi wa afya aambiwe waziwazi kama nguo zilikaa na nafthalini. Kumweka juani si tiba. Asiyenyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au mwenye degedege, asingoje hata asubuhi.

Tunaziomba kliniki za wajawazito ziulize habari za sanduku kama zinavyouliza habari za nauli, na bibi akija na mkwewe akaribishwe ndani asikie mwenyewe. Wenye maduka wanaouza vidonge hivi kwenye vifuko visivyo na maandishi, tunawaomba wamwambie kila mnunuzi visitiwe kwenye nguo za mtoto mchanga.

Wakunga,
Tanga